Mdomo wa Papa Aisha

Jumanne, 2 Septemba

Maharage yamegoma kuiva. Mkaa wa Jumamosi ulikuwa na unyevu, nilijua tangu kwenye gunia, muuzaji akaapa. Wote wanaapa. Mgahawa nimefungua kwa kuchelewa, chai bado, wateja wa asubuhi wamenipita wakaenda kwa mwenzangu ng'ambo ya barabara.

Wale wanaume watatu wa fulana za kung'aa wamekuja tena. Wameketi nje, wakaagiza brosheti za mbuzi, mishikaki yetu, na ndizi za kuchoma, bei hawakuuliza. Masaka hii yetu ya pembezoni mwa jiji mtu asiyeuliza bei ana lake jambo. Niliwauliza wanapima nini kule bondeni kwenye mashamba yetu. "Maji tu, mama." Maji hupimwa na watu watatu wenye mashine ya miguu mitatu, wiki nzima? Maji yako pale tangu Mungu ayaweke.

Wamepiga vigingi vya utepe mwekundu. Kimoja kiko katikati ya matuta ya nyanya ya mume wangu, Papa Aisha. Nilimwambia akaking'oe. Anasema tungoje tujue ni cha nani. Mimi ningeng'oa kwanza, halafu ningoje mwenyewe aje kukitafuta.

Alhamisi, 4 Septemba

Mama Divine kaja na habari kutoka kanisani kwao. Tunapakana ukuta kwa ukuta. Alikulia Bujumbura, na habari humfikia yeye kabla haijatokea.

Ni umeme. Wanataka kujenga mtambo wa umeme kule bondeni. Si wa maji, si wa jua. Wa nyuklia. Yeye anaita "atomiki", na analitaja kwa sauti ya chini kama anataja ugonjwa wa mtu. Nilicheka. Kisha nikaacha.

Anasema mitambo ya namna hii hujengwa pwani kwa sababu inataka maji mengi ya kupoza moto wake. Amesikia redioni kwamba kuna wenye pwani walioikataa, walisimama kidete mpaka wakaachiwa ufuo wao. Basi imekuja kwetu. Sisi bahari hatuna. Pwani yetu ni mto huu wa matope na kinamasi chake. Kitu walichokikataa wengine kikiletwa kwako kwa tabasamu, kigeuze ukitazame chini.

Nimeunguza chapati mbili nikiwaza.

Jumanne, 9 Septemba

Mkutano wa wananchi. Mwenyekiti wa mudugudu, mtaa wetu, alikuja na mtu wa mradi, anaitwa Muhire. Makamo, shati jeupe, viatu vya mtu anayeshuka kwenye gari. Kazi yake ni kuzungumza na wananchi. Na anajua. Kazi kwa vijana, barabara ya lami hadi chini, taa kila nyumba, moshi hakuna. Wenye mashamba ya bondeni na nyumba za karibu tutahamishwa, "kwa heshima."

Mwenyekiti akauliza kama tumeelewa. Tukapiga makofi. Mimi pia. Sisi hapa makofi tunapigia kila kitu, hata tangazo la kukatika maji. Makofi yetu si ndiyo wala si hapana. Wageni hawajui. Huyu Muhire anajua, nilimwona akituangalia mikono bila kufurahi.

Halafu mume wangu akasimama. Mrefu, kofia mkononi. Aliuliza mvua za Aprili zikija na mto ukapanda, huo moto wao utakuwa wapi, na sisi tutakuwa wapi. Basi. Hakupaza sauti. Ndiye mtu ambaye huitwa kila harusi ya mtaa huu kusemea upande wa bwana harusi, maana maneno yake hayaanguki chini.

Muhire alijibu kwamba viongozi wa mradi wenyewe watakuja baada ya umuganda wa mwisho wa Oktoba, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, na siku hiyo wananchi watoe jibu lao kupitia mtu mmoja. Watu hawakujadili. Wote waligeuka kumtazama Papa Aisha.

Ndivyo ilivyo sasa. Akisema hapana siku ile, tumekataa. Akisema ndiyo, au akinyamaza, tumekwisha. Nilijivuna hadi nikaona haya. Naandika hapa kwa sababu yeye sitamwambia.

Jumapili, 14 Septemba

Papa Aisha kaenda Nyamata kwa kaka yake. Huenda Jumapili moja moja.

Muhire alikula kwangu, peke yake. Aliuliza kama mzee wa nyumba ndiye yule aliyesema kwenye mkutano. Akauliza alikulia wapi. Nilimwambia mdomo anao, kamuulize mwenyewe. Alicheka, akasifu mchuzi. Sisifiwi mchuzi na mtu anayetaka nyumba yangu.

Ijumaa, 19 Septemba

Siku ya pilau. Walikaa pamoja, mume wangu na Muhire, meza ya pembeni, na pilau ikapoa mbele yao. Wanaongea Kinyankole. Kumbe wote wawili walikulia Uganda, vilima vya jirani, baba zao walinywesha ng'ombe kisima kimoja. Mimi mtoto wa Nyamirambo, wa mjini, nashika neno hapa na pale: majina ya ng'ombe tu. Huyu wa pembe ndefu, huyu mweusi, huyu aliyempiga teke nani sijui.

Papa Aisha alicheka hadi akafuta macho. Kwangu huwa anacheka kwa pua tu.

Nilipanguza meza yao mara tatu ilhali safi. Watu wa mtaa waliokuwa wakila walianza kutazamana. Mtu wa mradi na msemaji wetu, sahani moja. Nilimwambia jioni. Alisema mtu kuongea na mtu si dhambi. Sawa. Lakini chui naye huanza kwa kuzoea njia.

Jumapili, 21 Septemba

Nyamata tena. Wiki iliyopita, wiki hii.

Amerudi viatu vimeoshwa. Mwanamume anaosha viatu kabla ya kurudi nyumbani kwake kwa ajili gani? Shati linanuka moshi. Nilimuuliza kaka yake hajambo. Hajambo. Shemeji? Hajambo. Mlikula nini? Akafikiri kwanza. Mtu hafikirii alichokula mchana.

Nimeolewa na mtu huyu miaka mingi, nimemzalia, nimemvumilia safari za malori Mombasa na Dar. Sikuwahi kumfuata. Sasa ana mvi ndiyo anaanza.

Jumanne, 23 Septemba

Mkutano. Muhire alieleza habari ya nyumba mpya watakazotujengea huko juu. Watu wote walimgeukia Papa Aisha wakingoja aulize. Hakuuliza. Alitazama kofia yake mwanzo hadi mwisho.

Njiani Mama Divine akaniambia, "Mumeo amepoa." Nikamwambia mume wangu si chai. Nikamwambia pia kwamba yeye ndiye mwenye shamba kubwa kuliko wote kule chini, na kwamba anayeuliza sana habari za wengine huenda tayari ameshakubaliana na mradi. Alisimama. Alinitazama kama hanijui. Akaingia kwake.

Sikumpelekea chapati. Kila jioni humpelekea.

Lakini kweli amepoa. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, na mimi ndiye ninayelala nacho.

Jumamosi, 27 Septemba

Umuganda. Tumezibua mitaro ya barabara, tujiandae na mvua. Mgahawa umefungwa hadi mchana kama kila mtu.

Muhire alikuja na majembe mapya mawili. Kwao si huku, umuganda wake angefanya mtaani kwake, lakini alikuja. Alichimba ubavuni mwa mume wangu. Mmoja akichoka mwingine anapokea bila kuambiwa. Nilisikia mtu nyuma yangu akisema, "Hao wamekwisha kuwa ndugu." Alisema nisikie.

Kesho Jumapili. Nimeamua.

Jumapili, 28 Septemba

Nimemfuata.

Nilimwambia naenda Nyamirambo kwa dada. Nikampa muda. Moto, pikipiki ya abiria, hadi Kicukiro, pale nikapanda basi la Nyamata, kitambaa nimejifunika hadi puani. Njia nzima nilipanga maneno ya kumwambia huyo mwanamke. Mengine mazuri sana, sikujua ninayo.

Nyumba ya shemeji iko mbali na barabara, nyuma ya migomba. Nilizunguka kwa nyuma. Nikamkuta. Amevaa buti za mpira, mikono ya shati imekunjwa, anampiga brashi ng'ombe. Jike jekundu, bado hajazaa, pembe ndefu nzuri. Na anamwimbia. Mume wangu, dereva wa malori, anamwimbia ng'ombe zile sifa za wachungaji kwa sauti nyembamba ambayo sijawahi kuisikia, na ng'ombe kafumba macho.

Nilicheka. Wallahi nilikaa chini kwenye majani nikacheka machozi yakatoka. Ng'ombe! Mimi nimekuja kupigana na ng'ombe.

Shemeji yangu, mke wa kaka yake, akatoka na ndoo, akafurahi kuniona. Akasema, kumbe na wewe umekuja kumwona. Mzuri, eh? Amepewa na yule rafiki yake, Muhire.

Nikaacha kucheka. Papa Aisha alikuwa ameshageuka. Brashi mkononi.

Jumatatu, 29 Septemba

Niandike taratibu, nina hasira.

Hapa mtu akitaka kuapa kiapo kizito hamtaji mama yake. Anasema "yampaye inka," alinipa ng'ombe, na anataja jina la aliyempa. Mtu akikupa ng'ombe kwa urafiki, humkatalii neno hadi unaingia kaburini. Humpingi mbele za watu. Siku moja utamrudishia ndama, si kama deni, kama shukrani, na wajukuu wenu watajuana kwa ajili hiyo. Hata mimi wa mjini najua.

Na Muhire anajua kuliko wote. Angempa fedha, mume wangu angemtupia usoni. Angempa kazi, angekataa. Kampa kitu kimoja tu duniani ambacho mtoto wa wachungaji hawezi kukirudisha.

Nilimwambia, rudisha. Alinitazama kama nimemwambia akojolee kaburi la baba yake. Akasema ng'ombe wa urafiki harudishwi, anayemrudisha amemwambia mwenzake "nakutakia ubaya." Akasema Muhire alimpa kabla hawajazungumza wao wawili lolote la mradi. Akasema baba yake alikufa hana hata mmoja, na yeye alishakubali kwamba atakufa hivyo hivyo, na sasa anaye. Mimi nikasema kwetu Nyamirambo ng'ombe ni nyama ya Idi, achinjwe tugawe, tumalize.

Nilisema. Alitoka nje bila koti.

Alhamisi, 2 Oktoba

Mvua. Kinamasi kimeanza kujaa, vigingi vya utepe mwekundu vinasimama ndani ya maji.

Mama Divine aliniita ukutani. Sauti ya kupatana. Akauliza kama Papa Aisha ni mgonjwa, watu wanauliza, kama hawezi wamtafute mwingine mapema. Nilisema ana malaria. Nimemwambia uongo mwanamke niliyemsingizia uongo. Nikampa chapati, akashukuru, nikajisikia vibaya zaidi.

Kama ningesema kweli, wangemtafuta mwingine na mtaa ungepona. Lakini wangesema pia Papa Aisha amenunuliwa. Na hakununuliwa. Au kanunuliwa? Namchunguza akila. Namchunguza akifunga kamba za viatu. Hata anaposali namtazama mgongo, astaghfirullah.

Jumanne, 7 Oktoba

Muhire kaja wakati hakuna wateja. Nilimwekea chai ya baridi na kumsimamia.

Nilimuuliza wazi, yule ng'ombe ni wa urafiki au ni wa mradi. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alizungusha kikombe.

"Mama Aisha, kwani mtu mwenye kazi hawezi kuwa na rafiki?"

Nikamwambia anaweza, angoje kazi iishe. Akasema mtu wa kwao hakutani naye kila siku, na umri nao haungoji. Akasema ng'ombe huyo ni wa zizi la baba yake mwenyewe, si wa mtu mwingine, na kwamba hajamwomba mume wangu neno hata moja kuhusu mtambo. Hapo nilimwamini, na hapo ndipo nilipoogopa. Ukimpa mtu ng'ombe huhitaji kuomba.

Alilipa. Aliacha chai yote. Sijui huyu mtu. Ama ni mwongo kuliko wote niliowahi kuwapikia, ama ni mpweke.

Jumanne, 14 Oktoba

Mkutano haukufanyika, mvua.

Wale wa fulana za kung'aa sasa wamepanda vigingi hadi nyuma ya choo chetu. Nimehesabu kichwani ni nyumba zipi zitaondoka. Yetu. Ya Mama Divine. Ya jirani tunayemwita bibi wa mihogo. Mgahawa utabaki, lakini nitampikia nani?

Papa Aisha hali ugali wake. Anaumegamega.

Jumapili, 19 Oktoba

Alikwenda Nyamata. Alirudi mapema, viatu vina matope, hakuviosha. Sasa hana la kuficha, nadhani. Au hana nguvu.

Nilimuuliza ng'ombe anaendeleaje. Ni mara ya kwanza namuuliza. Akasema ana mimba. Akanieleza kwa mikono tumbo lilivyo, kisha akakumbuka anaongea na nani, akashusha mikono.

Ijumaa, 24 Oktoba

Pilau imeisha mapema. Kila mteja anauliza kuhusu kesho. Wananishika mkono, wanasema salamu kwa mzee. Bibi wa mihogo amesema anamwombea. Nawajibu amina. Uso wangu umechoka kutabasamu.

Tumeketi na mume wangu jikoni baada ya magharibi. Nilimwambia hivi: kesho ukinyamaza, nitasimama mimi. Nitasema hapana kwa mdomo wangu, na nitasema kwa nini wako umefungwa. Mimi sikupewa ng'ombe na mtu.

Alichokonoa makaa kwa kijiti.

"Simama," akasema.

Hakuna zaidi. Sijui kama ni ruhusa au ni kunidharau. Nimetoa gauni la kijani la heshima. Nimelipiga pasi kwa hasira, si kwa woga. Labda na woga.

Jumamosi, 25 Oktoba

Imekwisha. Niandike kabla sijaanza kuikumbuka kwa kuipamba.

Umuganda ulikwisha saa tano. Tulikaa uwanjani na majembe yetu, tope hadi magotini. Wakubwa wa mradi walikuwa wanne chini ya hema, Muhire pembeni yao, shati jeupe. Mkubwa wao alisema mengi. Kwamba kwingine mitambo kama hii iko kando ya bahari na watu wanavua samaki pembeni yake. Kwamba sisi tutakuwa wa kwanza. Tulipiga makofi. Kisha mwenyekiti akasema, tusikie jibu la wananchi, akamwita mume wangu kwa jina lake lote.

Mimi tayari nilikuwa nimekusanya gauni langu mkononi nisimame.

Papa Aisha alikwenda mbele. Kofia kaiweka chini, juu ya jembe lake. Alimtazama Muhire, hakuwatazama wakubwa. Akasema kwa Kinyarwanda, kwa sauti ile ya harusini, "Muhire yampaye inka."

Mama Divine, aliyekuwa mbele yangu, aliziba mdomo. Mwenyekiti akainamisha kichwa. Kila mtu alielewa kila kitu kwa maneno hayo matatu: kule kupoa, ile pilau, yale majembe. Nikasikia mtu akisema polepole, "Basi." Na mimi nikadhani basi. Nilidhani anaomba radhi na anakwenda kuketi, na nikamchukia, naandika kama ilivyokuwa, nilimchukia kwa muda wa pumzi mbili tatu.

Hakuketi. Akasema ng'ombe yule akiwa kwake, mdomo wake si wake, na watu hawa walimtuma na mdomo, si na ng'ombe. Akasema hajawahi kupewa kitu kizuri kama kile na hatapewa tena. Kisha akasema:

"Ng'ombe wako ninakurudishia."

Sijawahi kusikia uwanja wa watu wengi namna ile ukitoa sauti ile. Haikuwa kelele. Ni kama wote walivuta hewa pamoja. Mzee mmoja alisimama na kuondoka, moja kwa moja, kaacha jembe. Muhire hakusogea. Macho yalimjaa maji mbele ya wakubwa wake, hakuyafuta. Nilimchunguza sana, nikitafuta mchezo. Sikuuona. Huenda ni mjuzi mno. Mpaka sasa sijui.

Ndipo mume wangu akawageukia wale wa hemani, akasema, "Hatutaki mtambo hapa." Akaokota kofia.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti aliuliza wanaokubaliana na msemaji wanyooshe mikono. Mikono ilipanda yote, hata ya mwenyekiti mwenyewe, nusunusu. Lakini walinyoosha wakitazama pembeni, wakitazama milima. Hakuna aliyemtazama yeye. Mkubwa wa mradi akasema wamesikia na watatafakari upya kuhusu mahali.

Watu walitawanyika wakimpita Papa Aisha kwa mbali, kama unavyopita penye msiba wa watu usiowajua. Hakuna aliyempa mkono. Nilikwenda nikachukua jembe lake. Tukapanda kilima.

Nilitaka kupiga vigelegele. Nilikuwa nimevipanga mwezi mzima. Havikutoka.

Jumatano, 29 Oktoba

Wameng'oa vigingi. Wale watatu wa fulana za kung'aa, leo waliuliza bei. Wanasema mradi utatafutiwa bonde lingine. Kuna bonde lingine, na kuna mama mwingine mwenye mgahawa, na sijui kama mume wake anapenda ng'ombe.

Ng'ombe alichukuliwa juzi kwa gari dogo la mizigo. Papa Aisha alikwenda Nyamata kumpakia. Kaka yake alimfungulia lango la zizi, akamwacha amtoe peke yake, akaingia ndani. Hakumkaribisha kiti. Amesema kwao hajawahi kuzaliwa mtu wa namna hiyo. Mke wake ndiye aliyenipigia simu, akiwa amejificha shambani, akaniambia nimwangalie mume wangu.

Amelala tangu adhuhuri. Sijamwamsha.

Ijumaa, 31 Oktoba

Wateja wamejaa. Wananishukuru mimi. Wananiambia mimi asante, nyumba zetu zimebaki, Mungu awabariki. Yeye alipotokea mlangoni na ndoo ya nyanya walishika vijiko, wakainamia sahani.

Mama Divine kapita nyuma, mlango wa jikoni, na mayai kwenye kitambaa. Aliketi bila kuulizwa. Mwanawe anaoa Desemba, na tangu mwaka jana walikuwa wameshamwomba Papa Aisha awe msemaji wao siku ya kutoa mahari. Akasema wazee wa ukoo wamebadilisha mtu. Yule msemaji hutaja ng'ombe siku ile, husimama na kuomba mke kwa ng'ombe na kusifu ng'ombe, na mtu aliyemrudishia rafiki ng'ombe wake mbele ya halaiki atasimamaje pale? Alilia. Alisema, "Ametuokoa, Mama Aisha, na hatuwezi kumwita." Nikamjibu namwelewa. Sielewi. Naelewa.

Nilimwambia Papa Aisha. Akasema alijua tangu alipoiweka kofia chini. Akauliza kama kuna maji ya kuoga.

Nimemshuku mtu huyu tangu Septemba. Niliuliza viatu vyake, nikahesabu tonge zake, nikamfuata kwa basi nimejifunika kama mwizi. Yote hayo nikitafuta anauza nini, na alikuwa na kitu kimoja tu cha kuuza, na alikiuza kwa ajili yetu.

Jumapili, 2 Novemba

Asubuhi alivaa, kisha akakaa kwenye kiti cha uani na viatu vyake safi. Jumapili, na hana pa kwenda. Nilimwambia naenda Nyamirambo kwa dada, kweli safari hii. Akauliza kama anaweza kuja.

Tulikaa kwa dada, watu wengi, watoto, redio. Walimkaribisha vizuri, wakampa mto wa kuegemea na chai ya tangawizi. Habari zilishafika. Shemeji yangu, mume wa dada, akaanza. Ng'ombe tu, bwana! Si ungetuletea sisi huku, Ijumaa tungekula brosheti mpaka tukasahau majina yetu. Chumba chote kikacheka. Wakaongeza: mmoja anataka ulimi, mwingine anaulizia makongoro. Papa Aisha alicheka nao, kwa pua, akitazama kikombe.

Ni utani wangu. Niliusema mimi kwa mdomo wangu jikoni kwangu.

Nikawaambia wanyamaze. Nadhani nilipiga kelele, maana hata watoto waliacha kucheza. Dada akauliza nina nini. Nikasema, "Huyo alikuwa ng'ombe wake."

Redio ikawa inasema peke yake. Baadaye dada akaleta wali, tukala, mazungumzo yakarudi kwenye mpira.

Tulirudi kwa moto mbili, jua bado liko juu. Yake ilitangulia. Nilipofika njia panda ya kwetu alikuwa ameshateremka, amesimama kando ya barabara na mfuko wa dada mkononi, ananingoja.